Riba ya Marekani inafikaje kwenye bei ya sufuria Arusha?

Kuna dada wa Arusha kaniandikia, anauza vyombo vya nyumbani, masufuria, hotpoti, seti za vikombe, mzigo anatoa Guangzhou kwa kushea kontena na wenzake. Nafupisha swali lake: "Kaka, kila siku naskia kwenye taarifa ya habari Marekani wamepandisha riba, mara wameshusha, mara soko la hisa limeanguka. Mimi sijakopa Marekani na mzigo wangu unatoka China, ila yakitokea hayo dola huku inanibadilikia. Ni nini hasa kinaendesha hivi vitu? Na je, ninunue dola kabisa niweke kwa ajili ya mizigo ya mwaka mzima?"

Dada yangu, nimekaa dawati la fedha za kigeni benki kwa miaka, na wafanyabiashara wengi wanachoniuliza ni dola kesho itakuwa ngapi, hilo hakuna binadamu analijua. Wewe umeuliza inaendeshwa na nini, hilo lina jibu, na nitalijibu kwa urefu maana ukilielewa utaacha kuendeshwa na kila habari inayopita kwenye simu.

Kwa kifupi, dunia nzima inapima bei ya pesa kwa kuangalia mkopo mmoja, mkopo wa serikali ya Marekani. Bei ya huo mkopo ikibadilika, kila mkopo mwingine na kila sarafu nyingine inapangiwa bei upya, mara nyingi siku hiyohiyo, na shilingi yetu imo humo. Mafuta yanachangia, vita inachangia, mzigo wa China unachangia, ila riba ndo kubwa, na inayoisindikiza riba ni hofu, na hofu inasafiri haraka kuliko kontena lolote.

Chukulia kwenye kikoba chenu kuna mwanachama hajawahi kuchelewesha rejesho hata siku moja. Huyo akikopa analipa asilimia 1 tu na watu wanampa kwa vile hela yao iko salama, ila wenye tamaa kidogo ya faida wanamkopesha mama mwenye genge anayelipa 10. Sasa siku yule mwaminifu akitangaza kuanzia leo analipa 5, mama wa genge hajafanya kosa lolote, genge lake ni lilelile, wateja wake walewale, lakini itabidi alipe 14 au 15 la sivyo hela zinamkimbia. Marekani ndo huyo mwaminifu. Ghana, Zambia, Kenya, sisi, tuko upande wa genge.

Na hicho ndo kilichotokea. Korona ilivyoingia mwaka 2020 benki kuu ya Marekani, wanayoiita Fed, ilishusha riba yake mpaka kati ya 0 na asilimia 0.25, yaani hela ilikuwa karibu ya bure, ikatapakaa dunia nzima kutafuta faida, ikaingia kwenye hisa, kwenye sarafu za mtandaoni, kwenye hatifungani za serikali za Afrika, yaani karatasi ambazo serikali inauza ili kukopa. Wakati huohuo viwanda vimefungwa, meli zimekwama, na Wamarekani wana hela za msaada wa serikali mkononi, kwahiyo bei zikaanza kupanda. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, ngano, mbolea na mafuta vikapanda kwa pamoja. Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ukafika asilimia 9.1, kitu ambacho hawakuwa wamekiona kwa miaka 40. Fed ilikuwa imeshaanza kupandisha riba Machi mwaka huo na haikusimama mpaka Julai 2023, ikawa kati ya 5.25 na 5.50. Miezi 16 tu, kutoka karibu sifuri mpaka zaidi ya tano.

Sasa wewe ni meneja wa mfuko wa pensheni London, serikali ya Marekani inakulipa 5 na unalala usingizi, kwanini uhangaike na karatasi za Accra au Lusaka? Unauza, unachukua dola, unarudi kwenye usalama. Wakifanya hivyo wengi kwa wakati mmoja, dola inatafutwa kila kona. Na usidhani waliumia Waafrika peke yao. Julai 2022 yuro ilishuka mpaka ikawa sawa na dola, ilikuwa haijafika hapo kwa karibu miaka 20. Septemba mwaka huo serikali ya waziri mkuu Liz Truss Uingereza ilitangaza kupunguza kodi bila kueleza pengo litazibwa na nini, pauni ikaanguka mpaka karibu dola 1.03, kiwango cha chini kuliko vyote kuwahi kutokea, na ndani ya siku chache Benki Kuu ya Uingereza ikabidi iingie sokoni kununua hatifungani za serikali yao wenyewe ili mifuko ya pensheni isizame. Uingereza hiyo. Kwahiyo mtu akikwambia sarafu ikishuka ni kwa sababu wananchi wake ni wavivu, huyo hajui anachoongea.

Ila mfano unaofundisha kuliko yote uko hapo Namanga tu, ukivuka.

Mwaka 2014 Kenya ilienda soko la nje ikakopa kwa dola, mkopo ule tunaouita yurobondi, na sehemu kubwa, dola bilioni 2, ilitakiwa kulipwa yote kwa mkupuo Juni 2024. Riba yake ilikuwa asilimia 6.875. Nchi nyingi hazilipi mkupuo kama huo kutoka mfukoni, zinakopa mpya zinafuta ya zamani, ni kawaida kabisa duniani, hata Marekani inafanya hivyo. Shida ni kwamba Fed ilivyopandisha riba mlango ulifungwa, kuanzia katikati ya 2022 mpaka mwisho wa 2023 serikali za Afrika kusini mwa Sahara hazikuweza kuuza yurobondi kwa bei inayobebeka. Kila mtu Nairobi akawa anahesabu miezi, bilioni 2 zitatoka wapi? Mwenye dola akazishikilia, mwenye mzigo wa kulipia miezi mitatu mbele akanunua leo, muuza nje akachelewesha kurudisha hela zake nyumbani akisubiri bei nzuri zaidi. Shilingi ya Kenya iliyokuwa kama 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022 ikapita 160 Januari 2024.

Halafu angalia kilichofuata. Januari 2024 Ivory Coast ikatangulia sokoni na ikapata, Februari Kenya nayo ikaingia ikakopa dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya deni lile la zamani kabla ya muda wake. Mwezi huohuo benki kuu yao ikapandisha riba yake mpaka 13, na serikali ikauza hatifungani ya miundombinu kwa zaidi ya asilimia 18 bila kodi, wageni wakazikimbilia. Ndani ya wiki chache shilingi ikarudi kwenye 130 na kitu na baadae ikatulia karibu na 129. Sasa niambie, kati ya Januari na Machi chai ya Kericho iliongezeka? Maua ya Naivasha yaliongezeka? Sio kwa kiasi hicho. Kilichoondoka ni hofu ya kwamba deni halitalipwa, basi. Sarafu ya nchi yenye watu zaidi ya milioni 50 ilisogea karibu asilimia 20 kwa sababu watu waliacha kuogopa tarehe moja kwenye kalenda.

Lakini haikuwa bure, na hapa ndo roho inaniuma. Mkopo mpya riba yake ni 9.75, ule wa zamani ulikuwa 6.875. Hiyo tofauti analipa mwananchi wa kawaida, kwa kodi ya mkate, ya mafuta, ya simu. Vijana walioingia barabarani Juni 2024 kupinga Muswada wa Fedha walikuwa wanapinga kodi, na nyuma ya zile kodi lilikuwepo deni, na nyuma ya gharama ya deni kulikuwa na uamuzi uliofanyika Washington kwa ajili ya kutuliza bei za nyumba na vyakula Marekani. Sisemi serikali zetu hazina makosa, zinakopa vibaya na zinatumia vibaya, hilo lisemwe waziwazi. Ila hata serikali iliyokopa vizuri ingeumia mwaka ule. Ghana ilisimamisha kulipa madeni yake mengi ya nje Desemba 2022. Ethiopia Desemba 2023 ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 33 tu, nchi ya watu zaidi ya milioni 100.

Tanzania hatukuwa na yurobondi kama ile ya Kenya, mikopo yetu mingi ni ya masharti nafuu, ndo maana mshtuko ulikuja taratibu. Lakini ulikuja. Wewe mwenyewe unakumbuka 2023, hela ya shilingi unayo, benki wanakwambia dola hakuna, subiri. Mafuta yalikuwa ghali, na mafuta tunayalipia kwa dola, hiyo peke yake inanyonya dola nyingi kuliko bidhaa nyingine yoyote tunayoagiza. Shilingi iliyokuwa karibu 2,300 mwanzoni mwa 2022 ikawa inateleza mpaka ikapita 2,700 Septemba 2024.

Sasa, kuna jambo watangazaji wanalikosea karibu kila mara, naomba hapa unisikilize vizuri. Fed inapanga riba ya muda mfupi sana, ile ambayo benki za Marekani zinakopeshana kwa usiku mmoja. Wanakutana mara 8 kwa mwaka, wapiga kura ni 12, wanatangaza, mwenyekiti anaongea na waandishi wa habari. Lakini serikali yako ikitaka kukopa miaka 10, au kampuni inataka kujenga kiwanda, haiangalii riba ya usiku mmoja, inaangalia hatifungani ya Marekani ya miaka 10, na hiyo hakuna mtu anayeitangaza, inapangwa na soko lenyewe, wanunuzi na wauzaji. Na vinaweza kabisa kupishana. Septemba 2024 Fed ilishusha riba kwa nusu asilimia nzima, magazeti yote yakaandika sasa unafuu umefika. Siku zile hatifungani ya miaka 10 ilikuwa inalipa kama 3.6. Kufika katikati ya Januari 2025, Fed imeshashusha asilimia 1 kwa jumla, ile ya miaka 10 ilikuwa imepanda mpaka karibu 4.8! Riba imeshuka na mkopo umekuwa ghali, vyote kwa pamoja.

Kwanini? Kwa sababu wenye hela waliangalia mbele wakaona serikali ya Marekani inazidi kukopa, deni lake lilipita dola trilioni 36 mwishoni mwa 2024, wakaona ushuru mpya unakuja na bei zinaweza kupanda tena, wakasema kama nakukopesha miaka 10 nilipe zaidi. Kwahiyo ukitaka kujua hali ya hewa ya dunia angalia hiyo namba moja, hatifungani ya miaka 10 ya Marekani, inapatikana bure kwenye simu. Ikiwa inapanda kwa kasi ujue nchi kama zetu zinabanwa, hata kama taarifa ya habari imetangaza unafuu.

Aprili 2025 kilitokea kitu kilichowashtua hata wazee wa masoko. Tarehe 2 Rais Trump alitangaza ushuru kwa karibu nchi zote duniani. Siku mbili zilizofuata hisa za makampuni 500 makubwa ya Marekani zilipoteza zaidi ya asilimia 10. Hisa kuanguka sio ajabu. Kwa kawaida hisa zikianguka watu wanakimbilia dola na hatifungani za Marekani, ndo kimbilio lao miaka yote, hata pale shida yenyewe imeanzia Marekani kama msukosuko wa mabenki wa 2008. Safari hii hisa zilishuka, hatifungani zikauzwa, na dola nayo ikashuka, vitu vitatu kwa wakati mmoja. Hiyo ndo tabia tunayoizoea kwenye nchi changa wawekezaji wakikata tamaa nayo, kuiona kwa Marekani ilitisha. Tarehe 9 Trump akasimamisha sehemu kubwa ya ushuru ule kwa siku 90, isipokuwa kwa China aliyoiongezea, na hisa zikaruka asilimia 9.5 kwa siku moja. Mimi naamini kilichomrudisha nyuma ni soko la hatifungani kuliko marais wote waliompigia simu. Kufika Juni dola ilikuwa imeshuka zaidi ya asilimia 10 dhidi ya sarafu kubwa, nusu ya kwanza ya mwaka mbaya kuliko zote tangu 1973.

Hapo wafanyabiashara wengi walichanganyikiwa, maana Mei 2025, dola inaanguka duniani, hapa kwetu ilikuwa inakaribia 2,700. Inakuwaje? Inakuwa hivi kwa sababu shilingi ina misimu yake. Kuanzia Januari mpaka Mei dola zinaingia chache, watalii wamepungua, korosho imeshauzwa, na waagizaji ndo wanajaza maghala. Kuanzia Juni na Julai watalii wanafurika Serengeti na Zanzibar, tumbaku na kahawa zinauzwa, kufika Oktoba korosho inaanza, dola zinaingia. Kwahiyo upepo wa dunia ulikuwa mzuri ila msimu wa nyumbani ulikuwa mbaya, na msimu ulipogeuka shilingi ilipata nguvu kwa kasi, kufika Oktoba dola ilikuwa karibu na 2,450. Ulikuwa mchezo uleule wa mwaka uliotangulia, kutoka 2,700 na kitu Septemba 2024 mpaka karibu 2,400 mwisho wa mwaka. Hili nitalirudia nikifika kwenye swali lako la kununua dola.

Na hapohapo ingiza dhahabu, maana dhahabu kwa Tanzania sio habari ya mapambo. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi za Magharibi zilizuia akiba ya benki kuu ya Urusi, karibu dola bilioni 300. Kila benki kuu duniani ikajiuliza, kama akiba yangu iko kwenye karatasi za mtu mwingine na siku tukigombana anaweza kuifunga, hiyo ni akiba kweli? Wakaanza kununua dhahabu kwa fujo, zaidi ya tani 1,000 kila mwaka, 2022, 2023 na 2024. Mnunuzi mkubwa wa 2024 ilikuwa Poland, jirani wa vita, tani 90 hivi. Bei ya wakia moja, kama gramu 31, ikapita dola 3,000 Machi 2025 na Oktoba ikapita 4,000. Sasa fikiria Geita, Kahama, Chunya, kila wakia inayotoka inaleta dola karibu mara mbili ya miaka michache tu nyuma, kwa jasho lilelile la mchimbaji. Na Benki Kuu yetu nayo inanunua dhahabu ya ndani, tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa watenge angalau asilimia 20 kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa hapa nchini. Kwahiyo hofu ya benki kuu za Poland na China imeisaidia shilingi yako, na kama siku moja hofu hiyo itaisha na dhahabu ikashuka, msaada huo nao utapungua. Naliweka wazi hili kwa sababu kuna watu wanaongea kama vile nguvu ya shilingi ya 2025 ni ya kudumu.

Umetaja pia soko la hisa kuanguka, na mara nyingine linaanguka ghafla halafu kesho yake linaamka. Nakupa tukio moja. Tarehe 5 Agosti 2024 soko la hisa la Tokyo lilianguka asilimia 12.4, siku mbaya kuliko zote kwao tangu Oktoba 1987, kesho yake likapanda zaidi ya asilimia 10. Japani riba ilikaa karibu na sifuri kwa miaka mingi, kwahiyo wajanja wa dunia walikuwa wanakopa yen kwa bei ya bure, wanaibadilisha kuwa dola, wananunua hisa za teknolojia za Marekani au karatasi za nchi zenye riba kubwa, tofauti wanaweka mfukoni. Tarehe 31 Julai Benki Kuu ya Japani ikapandisha riba mpaka 0.25, kidogo hivyo, na siku mbili baadae takwimu za ajira za Marekani zikatoka mbaya. Yen ikapanda ghafla, waliokopa yen wakaona deni linakua kila saa, wakaanza kuuza chochote walichonacho ili walipe. Kuuza kwao kukashusha bei, bei kushuka kukawalazimisha wengine kuuza. Hakuna kiwanda kilichoungua siku ile, yalikuwa madeni yanarudishwa kwa kukimbia. Ukisikia soko limeanguka jiulize kwanza ni nani alikuwa amekopa.

Tuje China, mzigo wako. Kule kiwandani bei haikupanda, tena ilikuwa inashuka. Bei za viwandani China zilikuwa chini ya zile za mwaka uliotangulia mwezi baada ya mwezi kuanzia Oktoba 2022 mpaka mwisho wa 2025, kwa sababu soko lao la nyumba lilivunjika, Evergrande ambayo ilikuwa moja ya kampuni kubwa kabisa za ujenzi mahakama ya Hong Kong iliamuru ifilisiwe Januari 2024, wananchi wao wameshika hela hawanunui, na viwanda vinaendelea kuzalisha. Mzigo usionunuliwa nyumbani unapelekwa nje, na Marekani ikiuwekea ushuru unatafuta soko lingine, ikiwemo Kariakoo na soko lako hapo Arusha. Hiyo ni nafuu kwako leo, ila kwa fundi wa Tanzania anayetengeneza sufuria za alumini kwa mkono au kiwanda chetu cha plastiki ni msiba, na wewe na mimi hatuwezi kujifanya hatulioni.

Kilichokupandishia gharama ni dola yenyewe na nauli ya meli. Nauli watu wanashangaa, mbona vita ya Bahari ya Shamu iko mbali, meli ya Guangzhou kuja Dar haipiti mfereji wa Suez? Ni kweli haipiti. Lakini tangu Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, waanze kushambulia meli mwishoni mwa 2023, meli nyingi za China kwenda Ulaya zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, safari ikaongezeka kama siku 10 au zaidi, kwahiyo meli ileile na kontena lilelile vinachelewa kurudi, na vilivyobaki vinagombewa na kila mtu, wewe ukiwemo. Uhaba ukitokea njia moja nauli inapanda njia zote.

Sasa dola, ninunue niweke? Usinunue za mwaka mzima kwa mpigo, hilo nalisema bila kuzunguka. Aliyenunua dola Mei 2025 kwa karibu 2,700 akazifungia kabatini, kufika Oktoba alikuwa amepoteza karibu asilimia 9, na hela yake ilikuwa imelala bila kuzaa, wakati hatifungani za serikali yetu za muda mrefu zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 10. Wewe faida yako kwenye vyombo nadhani haifiki mbali sana na hiyo asilimia 9 kwa mzunguko mmoja, kwahiyo ungeweza kupoteza faida ya kontena zima kwa woga tu.

Kinachotakiwa kukuongoza kununua dola ni tarehe ya malipo, sio hofu ya dola. Ukishaagiza mzigo na ukajua malipo ya mwisho ni lini, ile hela sasa ni deni la dola, anza kuinunua vipande vipande mpaka siku ya kulipa, hutapata bei nzuri kuliko zote ila hutapata mbaya kuliko zote. Mzigo ambao hujauagiza usiununulie dola. Kama unaweza kuchagua, malipo makubwa yaangukie kati ya Agosti na Desemba, na kipindi cha Februari mpaka Mei ulipie kidogo. Weka benki kwenye akaunti ya dola, unaruhusiwa kuwa nayo, kilichokatazwa na kanuni za Machi 2025 ni kupanga bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Muulize pia mwenye kiwanda kama anapokea yuan, pesa ya China, moja kwa moja, kuna benki hapa zinatuma, maana ukitoa shilingi ukaenda dola halafu yeye akaenda yuan unakatwa mara mbili.

Na mkopo wa dola usiuguse, hata ukiambiwa riba yake ni nusu ya ule wa shilingi. Wewe unauza kwa shilingi. Zile nchi nilizokutajia hapo juu zilinaswa na kitu hichohicho, zinakusanya kodi kwa pesa yao na zinadaiwa kwa pesa ya mtu mwingine, na wao wana benki kuu, wewe huna.

Fed mpaka Desemba 2025 ilikuwa imeshashusha riba yake kufika kati ya 3.50 na 3.75, kwahiyo presha ya upande huo ilikuwa imelegea ukilinganisha na 2023. Ile ya miaka 10 bado ilikuwa juu ya 4. Nitumie tarehe ya malipo ya mzigo wako unaofuata na kiasi chake kwa dola, usinitumie namba ya akaunti wala jina la benki, nikupangie ununue ngapi kila wiki.